Mjadala: Barabara ikijengwa mbele ya duka, wateja walindwe na nani?

Mwenye duka, Tandahimba

Naileta hoja hii ipingwe kwa hoja: mfanyabiashara ambaye barabara inajengwa mbele ya mlango wake anastahili kusaidiwa asipoteze wateja, na msaada huo uandikwe ndani ya mkataba wa ujenzi, usiachwe kwenye hiari ya mkandarasi. Sisemi haya kwa kuichukia lami. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi ina urefu wa kilomita 210, na sisi tuliosafirisha mizigo kwenye vumbi na tope lake tunaitaka kuliko mtu mwingine yeyote.

Ninalolalamikia ni pengo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inapoeleza fidia, inahesabu pia faida aliyoikosa mtu, lakini mtu huyo ni yule ambaye eneo lake limetwaliwa. Yule ambaye duka lake limebaki salama nje ya hifadhi ya barabara, ila mbele yake umechimbwa mtaro wa kina cha kiuno, hahesabiwi. Niliwahi kuwa na kibanda mjini Mtwara mtaa wetu ulipochimbwa. Halikuguswa hata tofali moja, lakini kwa wiki kadhaa walionifikia ni wale tu walioweza kuruka. Kina mama wenye watoto mgongoni walinisalimia kutoka ng'ambo, wakaenda kununua kwingine, na wengi wao hawakurudi hata mtaro ulipofukiwa.

Msimamizi mstaafu wa kazi za barabara, Lindi

Pole, mwanangu, lakini tuitazame kalenda. Huku kusini tuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei, kwa hiyo kazi ya tuta na kifusi haina budi kufanyika kiangazi. Minada ya korosho nayo hufunguliwa kwa kawaida Oktoba, na hapo ndipo fedha huanza kuingia mikononi mwa wakulima na wenye maduka hupata mauzo ya mwaka. Mkandarasi akiambiwa asimame miezi hiyo ili ninyi muuze, mvua italikuta tuta halijafunikwa na kazi itarudiwa kwa fedha zilezile za umma. Ningependelea halmashauri iwasamehe kodi ya vibanda kwa muda, na vikundi vilivyokopa katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri huitenga kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu viongezewe muda wa marejesho.

Mama lishe, Mtwara

Msamaha wa kodi tunaupokea kwa mikono miwili, ila kodi haiji kula wali. Anayekula ni mteja, naye akiona vumbi limetua kwenye sahani anaondoka. Mimi naomba boza la maji lipite kabla ya saa sita mchana, si jioni wakati nimeshaosha masufuria.

Mwenye duka, Tandahimba

Shikamoo, mzee. Kwenye kalenda umenishinda, na ninairekebisha hoja yangu. Sitaki mkandarasi asimame. Ninachotaka ni kwamba akifika katikati ya mji achimbe upande mmoja kwanza, asifungue mtaro mpya kabla ya kufunika ule wa awali, aweke vivuko vya mbao imara vya kutosha mtu mwenye ndoo kichwani, na pale mchepuko unapoanza asimamishe bango la kuwajulisha wasafiri kwamba maduka yako wazi na bajaji zinasimama wapi. Sehemu kubwa ya hayo ni mpangilio kuliko gharama. Marejesho yakisogezwa mbele, deni linabaki palepale na mteja bado hajarudi. Dada yangu mama lishe amelisema hilo vizuri kuliko mimi.

Nina swali moja kwako, mzee, kwa kuwa umesimamia kazi hizi. Mhandisi mshauri anapokagua kabla ya kuidhinisha malipo ya mkandarasi, hupima unene wa kifusi tu, au anaweza kukagua na kivuko cha mbao?

Msimamizi mstaafu wa kazi za barabara, Lindi

Marahaba. Anaweza, iwapo kivuko kimeandikwa katika mchanganuo wa kazi na gharama. Kisipoandikwa, hana cha kukagua, na mkandarasi akikiweka atakuwa amewafanyia hisani tu.