Plau, ripa au matuta: ni ipi inayohifadhi uhai wa udongo wa luseni?

Mkulima wa Misungwi

Ndugu wanajukwaa, ninalima luseni, yaani udongo wa mchanga, upande wa mlimani na kipande cha mbuga, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, bondeni, na mvua za vuli zinakaribia. Kila msimu nimekuwa nikikodi ng'ombe wa plau, na mabua ya mahindi huliwa na mifugo ya kijiji mara tu tunapomaliza kuvuna. Sasa jirani ananishawishi nitumie ripa, inayochana mistari ya kupandia tu na kuacha sehemu kubwa ya shamba bila kuguswa, ilhali baba anashikilia kwamba luseni ni ya matuta. Naomba tulinganishe njia hizi tatu kwa namna zinavyoathiri vijidudu vya udongo, wala si kwa bei ya kulimiwa, kwa kuwa mbolea ninayoweka luseni inapotea bila faida ninayoiona.

Binti wa Magu

Plau inapogeuza udongo huingiza hewa nyingi kwa mara moja na kuvunja mabonge yaliyokuwa yameficha mboji. Bakteria hupata oksijeni na chakula kwa pamoja, huongezeka kwa kasi, huyeyusha mboji hiyo na kuachia nitrojeni, huku sehemu kubwa ya kaboni ikipanda angani kama hewa ya ukaa. Ndiyo maana shamba jipya lililokatuliwa huzaa vizuri mwanzoni, kisha likachoka. Kwenye mbuga, mfinyanzi hushikilia sehemu ya mboji isifikiwe upesi. Luseni ni mchanga uliotokana na miamba ya matale, haina kinga hiyo, kwa hiyo hasara yake ni ya haraka zaidi.

Kuvu ndio wanaoumia zaidi. Mikoriza, yaani kuvu wanaoishi pamoja na mizizi, hutandaza nyuzi nyembamba zinazoifikia fosforasi ambayo mzizi wa mhindi hauifikii wenyewe. Plau hukata mtandao huo kila msimu, na ingawa hujijenga upya kutokana na mbegu za kuvu na vipande vya mizizi ya zamani, mche mchanga huwa umekwisha kuihitaji fosforasi kabla mtandao haujakamilika. Ripa huukata kwenye mstari tu na kuuacha mzima katikati ya mistari. Kwa kigezo cha vijidudu peke yake, naiweka ripa mbele.

Mzee wa Sengerema

Binti yangu, umeeleza vizuri, ila umeilinganisha ripa yenye matandazo, yaani mabua yanayofunika udongo, na plau isiyo na matandazo, na huko si kulinganisha kwa haki. Kilimo hifadhi, ambamo ripa hutumika, kina nguzo tatu: kutotifua ovyo, kufunika udongo walau asilimia 30, na kubadilisha mazao. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2015, uliokusanya tafiti 610 kutoka sehemu mbalimbali za dunia, ulionyesha kwamba kupanda bila kutifua udongo peke yake, kwa wastani, hupunguza mavuno. Nguzo mbili nyingine zikiongezwa pungufu hilo hupungua, na katika maeneo makavu yanayotegemea mvua mavuno yaliweza hata kuongezeka.

Sasa tuseme ukweli wa kwetu. Baada ya mavuno shamba la mtu huwa malisho ya wote, na kinachobakizwa na ng'ombe humalizwa na mchwa. Luseni iliyo wazi hupigwa na mvua ya kwanza, ikafanya ganda gumu juu, maji yakateremka ziwani badala ya kuzama. Chini ya ganda hilo vijidudu havina maji wala chakula, na kuacha kulima hakuvisaidii kitu. Kwa hiyo swali la kwanza ni mabua yatakwenda wapi. Chombo cha kulimia ni swali la pili.

Mwalimu wa Kilimo

Ninakubaliana na mzee, na ningependa kuongeza habari za matuta, ambayo yanadharauliwa bila sababu. Kwa desturi ya Wasukuma, magugu na masalia hulazwa kwenye mfereji, kisha tuta la zamani hupasuliwa na kufunikwa juu yake. Udongo unatifuliwa, ni kweli, na mikoriza inakatwa, lakini vijidudu vinapewa chakula mahali penye unyevu, na ng'ombe hawafiki tena. Mifereji ikizibwa kwa vizuizi vya udongo, jambo ambalo kituo cha utafiti wa kilimo cha Ukiriguru kililifanyia utafiti tangu enzi za ukoloni, maji hukaa shambani.

Tahadhari iko kwenye nitrojeni. Mabua ya mahindi yana kaboni mara 50 hadi 80 ya nitrojeni, wakati vijidudu huridhika na chakula chenye uwiano wa takriban 24 kwa 1. Nitrojeni inayopungua vijidudu huichukua kwenye udongo, na hapo ndipo mahindi huwa ya njano wiki chache baada ya kuota, mkulima akidhani mbegu ni mbovu. Mabua yaliyolala juu hayagusani sana na udongo, kwa hiyo huleta tatizo hilo kwa kiasi kidogo kuliko yaliyofukiwa. Ukifukia, changanya na majani ya kunde au choroko, au samadi iliyoiva, na usipande siku hiyohiyo.

Binti wa Magu

Hoja ya mzee naipokea. Kwa mbuga ningesema tofauti kabisa: udongo ule hupasuka wenyewe ukikauka, hivyo ubishi wa plau na ripa hauna uzito mkubwa huko. Maji yakisimama, oksijeni huisha na bakteria wengine hugeuza naitreti, yaani nitrojeni ambayo mimea huitumia, kuwa gesi, mbolea ikapotelea hewani. Dengu inayopandwa mwishoni mwa mvua hufaa sana, ila raizobia wake, yaani bakteria wa mizizini wanaoipatia nitrojeni ya hewani, si wale wa choroko na kunde. Mahali ambapo dengu haijawahi kulimwa, chimba mche uone kama vinundu vya raizobia vimejitokeza kwenye mizizi, na ukipasua kimoja ndani kiwe chekundu.

Mkulima wa Misungwi

Nashukuru sana. Nami huzungusha mahindi na pamba, na kanuni zinatutaka miti ya pamba ing'olewe na kuchomwa ili wadudu wasivuke msimu. Je, mwaka wa pamba nifanyeje?

Mwalimu wa Kilimo

Choma kama inavyotakiwa, wala usijaribu kuiacha kama matandazo. Moto huondoa karibu nitrojeni yote, potasiamu na fosforasi hubaki kwenye majivu. Yatawanye shambani yasikae lundo moja. Chakula cha vijidudu mwaka huo kitoke kwenye samadi.

Kabla hujaamua, gawa luseni sehemu tatu, ya plau, ya ripa na ya matuta, na uzike vipande vya amerikani, kitambaa cha pamba, isiyotiwa rangi, kina cha sentimita 15, siku moja, mvua zikishashika. Vichimbue baada ya miezi miwili: penye uhai utakuta kitambaa kimetobokatoboka na kina madoa meusi, penye uchovu kitakuwa karibu kizima.

Mzee wa Sengerema

Na kwenye sehemu ya ripa zika viwili, kimoja ndani ya mstari na kingine katikati ya mistari, maana mstari wenyewe umetifuliwa na utakupa jibu la plau.