Acheni hadithi ya shujaa wa Louisville: Mohler hakushinda kwa mahubiri, alishinda kwa bodi na sahihi

Wakuu, kila ukifunguliwa uzi kuhusu Albert Mohler mambo ni yaleyale. Kundi la kwanza linakuja na kijana wa miaka 33 aliyekabidhiwa ukuu wa Southern Baptist Theological Seminary, chuo cha kufundisha wachungaji wa Kibaptisti kule Louisville, Kentucky, mwaka 1993, akawakuta maprofesa waliberali, akasimama peke yake na Biblia mkononi, wakatimka. Kundi la pili linamtukana mpaka ukoo wake. Kurasa kumi zinapita na hakuna hata mmoja aliyeeleza chuo kizima kinageuzwaje kwa miaka michache. Mnakera, pande zote mbili.

Hilo la "peke yake" ni uongo mtupu. Kazi ilianza Houston mwaka 1979, Mohler akiwa na miaka 19. Paige Patterson, mwanateolojia, na Paul Pressler, jaji wa Texas, waliisoma katiba ya Southern Baptist Convention (SBC), umoja wa makanisa ya Kibaptisti wa Marekani unaomiliki seminari hiyo, wakaona mlango wa wahafidhina kuitwaa ulipo. Rais wa SBC anachaguliwa kwa mwaka mmoja, akipendwa anaongezewa mwingine. Ukikitazama juujuu ni cheo cha kushika rungu la mkutano na kupiga picha. Lakini rais huyo ndiye anayeteua kamati ya kwanza. Kamati hiyo inapendekeza kamati ya pili, ya uteuzi. Ya pili ndiyo inayoleta majina ya wadhamini wa seminari zote sita, na wajumbe wa mkutano wa mwaka wanayapitisha. Na wadhamini ndio wanaomwajiri mkuu wa seminari na ndio wanaomfukuza.

Mihula ya wadhamini imepishana, kwa hiyo ukishinda urais mara moja hujapata kitu, umeondoa viti vichache tu. Ni lazima ushinde mfululizo kwa karibu miaka kumi ndipo bodi igeuke. Nao walishinda kila mwaka, kuanzia Adrian Rogers 1979, wajumbe wakisombwa kwa mabasi kwenda kupiga kura. Wenzao wa msimamo wa kati waliamini ni upepo utakaopita. Hapo ndipo walipopotezea chuo, si darasani. Roy Honeycutt, mkuu wa seminari kabla ya Mohler, alipoondoka, bodi ilikuwa imeshageuka, ikamchagua Mohler, mhariri wa gazeti la Wabaptisti wa Georgia na, msisahau, aliyewahi kuwa msaidizi wa Honeycutt huyohuyo. Alikabidhiwa ufunguo wa nyumba ambayo wengine walishaivunja kufuli.

Silaha ya pili ni karatasi. Seminari ile ilifunguliwa 1859, na ungamo lake la imani, Abstract of Principles, ni la 1858, lina vifungu 20. Profesa anaposimikwa anatia sahihi kwamba atafundisha kulingana nalo wala hatafundisha kinyume chake. Mohler hakuleta ungamo jipya. Alichosema ni kwamba mmesaini, basi fundisheni mlichosaini, anayeshindwa aondoke. Kwa hili simpingi. Mtu anayetia sahihi kifungu huku anacheka moyoni ana tatizo la uaminifu hata kama ni msomi kiasi gani, na maprofesa wengi wa zamani walikuwa wameigeuza sahihi ile kuwa desturi ya sherehe.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni mashabiki wanaosema "alilinda ungamo tu, hakuongeza neno". Someni 1995! Seminari ilikuwa na shule ya ustawi wa jamii, Carver, mkuu wake akiwa Diana Garland. Akaletwa mwalimu wa kuajiriwa, Mkristo mhafidhina aliyekuwa tayari kulikubali Abstract. Akaulizwa kama Mungu anaweza kumwita mwanamke kuwa mchungaji, akajibu kwamba anaweza. Mohler akamkataa. Garland akalisema jambo hilo hadharani, akavuliwa ukuu wa shule.

Sasa fungueni hilo Abstract. Kifungu cha kanisa kinataja maaskofu au wazee, pamoja na mashemasi. Mwanaume au mwanamke, hakisemi. Ungamo la SBC la 1963 nalo liko kimya. Maneno kwamba ofisi ya uchungaji ni ya wanaume yaliingia kwenye ungamo la SBC mwaka 2000, na Mohler alikuwa mmoja wa walioketi kwenye kamati ya kuliandika upya. Hesabu ni rahisi: mtu alinyimwa kazi kwa kanuni ambayo iliandikwa miaka mitano baadaye, na aliyemnyima akashiriki kuiandika. Unaweza kuamini, kama Mohler, kwamba Paulo alishalimaliza hilo katika 1 Timotheo 2, anaposema hamruhusu mwanamke kufundisha. Sawa. Ila usituambie ni ungamo lililosainiwa. Shule ya Carver ilikufa, na programu yake ikachukuliwa na Campbellsville University, hukohuko Kentucky. Garland akaenda Chuo Kikuu cha Baylor, na leo shule ya ustawi wa jamii ya huko inaitwa kwa jina lake.

Halafu mnaruka sehemu inayomwonyesha vizuri zaidi. Mwaka 1984 SBC ilipopitisha azimio dhidi ya kuwawekea wanawake mikono, yaani kuwasimika kuwa wachungaji, Mohler, akiwa mwanafunzi palepale Louisville, alikuwa upande wa waliolipinga. Carl Henry, mzee wa teolojia ya kievanjeliko, ndiye aliyembana kwa maswali wakitembea chuoni, akaenda kusoma, akageuka. Haya ameyasimulia mwenyewe. Kwa hiyo 1995 alifukuza msimamo aliowahi kuushika. Je, miaka michache ya kutafakari aliyopewa yeye, nani mwingine alipewa?

Tuje kwenye majina ya majengo, maana hapo nako mnadanganyana. Desemba 2018 seminari ilitoa ripoti, aliyoiagiza Mohler, kuhusu utumwa. Waanzilishi wote wanne, Boyce, Broadus, Manly na Williams, walimiliki watumwa, jumla yao zaidi ya 50. Mwaka 1880 chuo kiliokolewa kifedha na dola 50,000 za Joseph Brown, gavana wa zamani wa Georgia, ambaye utajiri wake ulichangiwa na wafungwa, wengi wao weusi, waliokodishwa kufanya kazi ya kinyama kwenye machimbo yake ya makaa ya mawe. Kiti cha uprofesa alichokikalia Mohler kilikuwa na jina la Brown. Oktoba 2020 wadhamini wakaliondoa jina hilo kwenye kiti, wakatenga hadi dola milioni 5 za kusomesha wanafunzi weusi, lakini majina ya waanzilishi yakabaki, Boyce College, chuo cha shahada ya kwanza cha seminari hiyo, ikiwemo. Kabla mwezi uliofuata haujaisha, wakuu wa seminari zote sita wakatoa tamko kwamba nadharia ya uhakiki wa rangi (critical race theory), inayosema ubaguzi umejengeka ndani ya sheria na taasisi, haipatani na ungamo la SBC. Wachungaji kadhaa weusi wakajitoa SBC. Kutubu na kutoa tamko hilo ndani ya wiki chache, kisha kushangaa watu wameondoka! Ripoti ilikuwa kazi nzuri kweli. Ndiyo maana kilichofuata kinaudhi.

Siasa sitairefusha. 2016 alisema akimuunga mkono Trump itabidi amwombe radhi Bill Clinton, aliyemlaumu kwa maadili yake. 2020 akatangaza atampigia kura. Jazeni wenyewe.

Na wale wa "Mohler anaiendesha SBC": 2021 kule Nashville aligombea urais wa SBC, akaangushwa duru ya kwanza. Juni 2023, New Orleans, alipanda jukwaani kutetea kutolewa kwa Saddleback, kanisa alilolianzisha Rick Warren, kwa sababu ya wachungaji wanawake. Kura zikawa 9,437 za kulitoa dhidi ya 1,212. Lakini pendekezo la kuliandika katazo hilo kwenye katiba lilipata takriban asilimia 61 mwaka 2024, na pungufu kidogo ya hapo 2025, huku theluthi mbili zikihitajika. Mara hizo mbili likakwama. Kanisa moja moja linaweza kutolewa, ila hadi 2025 katiba ilikuwa haijaguswa.

Mwenye hoja aje na kifungu na mwaka. Klipu za dakika moja bakini nazo kwenye magrupu yenu.