Sarafu za jiokashingi zenye wanyama 12 wa kalenda ya Kichina: nianzie wapi nikiwa Mwanza?

Mtafutaji_wa_Kirumba

Ndugu wanajukwaa, habari za saa hizi. Mimi ni mkazi wa Kirumba, Mwanza, na ni mshiriki wa jiokashingi, yaani ule mchezo wa kuficha kasha dogo mahali fulani, kuweka viwianishi vyake kwenye tovuti na kuwaachia wengine walitafute kwa GPS. Kinachonivutia zaidi siku hizi ni sarafu za mchezo huu, zile zenye namba ya ufuatiliaji, ambazo mtu huikuta moja ndani ya kasha, akaiandikisha, kisha akaihamishia kwenye kasha jingine, huku mwenyewe akiitazama safari yake kutoka mbali. Ninazo chache za wageni zenye wanyama wa kalenda ya Kichina, na zimenitia hamu ya kubuni seti yangu mwenyewe ya sarafu 12, moja kila mwaka, yenye sura ya Mwanza na ziwa letu.

Naomba ushauri katika mambo kadhaa. Kwanza, kuna wanyama ambao huku hawapo: chui milia hatunaye, na joka ndiyo kabisa. Nilifikiria kumweka mamba badala ya joka na pimbi wa Saanane badala ya sungura, je, inakubalika? Pili, nilitaka kuanza na farasi wa 2026. Tatu, watengenezaji wananiuliza iwapo ninataka enameli, yaani rangi inayojazwa kwenye mchoro wa chuma, iwe laini au ngumu, na sijui ipi inafaa kwa sarafu itakayopita mikononi mwa watu wengi. Na zikishakamilika, nizitoe zisafiri au nizifungie kabatini?

Mwalimu_Mstaafu_Magu

Ndugu Mtafutaji, wazo lako ni zuri, lakini kuhusu kubadilisha wanyama sikubaliani nawe. Mzunguko huu hauna wanyama 12 peke yao. Kila mwaka hupewa pia mojawapo ya asili tano, ambazo ni mti, moto, udongo, metali na maji, na kila asili hushika miaka miwili mfululizo, ndiyo maana mwaka wenye mnyama na asili ileile hurudi baada ya miaka 60. Farasi wa 2026 ni farasi wa moto, na aliyemtangulia alikuwa wa 1966. Ukishamwondoa joka ukamweka mamba, mkusanyaji wa Taiwan au wa Singapore hataiona seti yake imekamilika, na hao ndio watakaoitafuta sarafu yako kwa bidii kuliko mtu yeyote.

Badala ya kubadilisha wanyama, wabadilishie mahali. Joka la Wachina si lile la Ulaya linalotema moto na kulinda hazina. Ni bwana wa mvua na maji. Sisi tunaoishi kando ya ziwa tumekwisha kuiona ile nguzo ya maji inayoshuka kutoka kwenye wingu jeusi na kuzunguka juu ya ziwa mpaka wavuvi wakageuza mitumbwi. Mchore joka akipanda ndani ya nguzo hiyo, nyuma yake yakionekana mawe ya Bismarck, na hakuna atakayeuliza kwa nini joka yuko Mwanza.

Asili hizo tano zina faida nyingine kwa mbunifu, kwa kuwa kila moja ina rangi yake ya jadi: mti ni kijani, moto ni nyekundu, udongo ni njano, metali ni nyeupe na maji ni nyeusi. Hapo umekwisha kupata mpangilio wa enameli kwa miaka yote bila kuumiza kichwa. Jambo la kuchekesha ni kwamba joka ajaye, wa 2036, ni wa moto, hivyo nguzo yako ya maji italazimika kuwa nyekundu. Mchore wakati wa machweo basi.

Halafu kuna jambo ambalo wabunifu wengi wa sarafu hizi hulipita, ilhali mchezo wenyewe ni wa dira. Alama hizo 12 zilitumika pia kugawa saa za siku na pande za dunia. Panya ni kaskazini na usiku wa manane, sungura ni mashariki, farasi ni kusini na adhuhuri, jogoo ni magharibi, na kila alama imetengana na mwenzake kwa nyuzi 30. Upande wa nyuma wa sarafu zote 12 uwe ni dira hiyohiyo moja, na kila mwaka uipake rangi alama ya mwaka husika peke yake. Seti itashikamana hata kama michoro ya mbele itatofautiana.

Kuhusu mwaka wa kuanza, mwaka wa farasi ulianza tarehe 17 Februari 2026, na kila mtengenezaji amekwisha kutoa farasi wake. Wewe anza na mbuzi, ambaye mwaka wake, nao wa moto, unaingia tarehe 6 Februari 2027. Kwenye dira yuko nyuzi 210, wengine humchora kama kondoo, na kwa mchoraji wa huku ni mnyama anayemwona kila asubuhi barazani. Uchina yenyewe ilipoanza kutoa sarafu zake za wanyama hawa mwaka 1981 ilianza na jogoo, si panya, kwa hiyo hakuna anayekulazimisha kuanzia mwanzo wa mzunguko.

Dada_Michoro_Nyakato

Shikamoo Mwalimu. Kwenye dira na rangi nakuunga mkono kwa asilimia mia, ila kwenye wanyama nitakupinga kidogo kwa heshima. Wavietinamu wana paka mahali pa sungura na nyati mahali pa ng'ombe, na hakuna anayesema kalenda yao ni ya bandia. Tofauti ninayoiona ni kwamba wao wameirithi hivyo kwa vizazi, wakati pimbi wa kaka yetu hapa amezaliwa wiki hii. Kwa hiyo sungura abaki, lakini hakuna ubaya wowote pimbi akichungulia kutoka nyuma ya jiwe.

Palipo na mnyama wa kwetu wa jamii ileile, mtumie huyo bila kusita. Ng'ombe awe yule wa Usukuma mwenye nundu. Nyoka awe chatu, shingoni mwa mchezaji wa ngoma, kama wanavyocheza pale Bujora, Kisesa. Panya ndiye ninayemwonea wivu mtu atakayemchora, kwa sababu Tanzania inaye panya buku, anayefunzwa Morogoro na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyefanya kazi Kambodia, alitunukiwa nishani ya dhahabu ya PDSA, shirika la hisani la wanyama la Uingereza, mwaka 2020, ambao kwa bahati ulikuwa mwaka wa panya. Mnyama anayelipwa ndizi kwa kutafuta kitu kilichofukiwa ardhini, kwenye sarafu ya mchezo wa kutafuta vitu vilivyofichwa! Mwaka wake ni 2032, na asili yake ni maji, yaani rangi nyeusi. Mchore akiwa na ule mkanda wake wa kifuani, pua imegusa udongo, masharubu yamesimama. Usimchoree kofia wala tabasamu.

Sasa enameli. Enameli laini hujazwa ndani ya vijishimo na kubaki chini kidogo ya mistari ya chuma, kwa hiyo ukipitisha kidole unausikia mchoro. Enameli ngumu hujazwa mpaka juu, huchomwa, kisha husuguliwa mpaka rangi na chuma vikawa usawa mmoja. Kwa sarafu itakayolala kwenye kasha pamoja na mchanga, penseli na vifungo vya funguo, chukua ngumu; laini hukusanya uchafu kwenye vijishimo na baada ya muda mbuzi wako mwekundu atakuwa wa kahawia. Ila fahamu kwamba ukichagua ngumu unapoteza ule mwonekano wa kale, unaotiwa giza kwenye mabonde ya mchoro ili sarafu ionekane imeokotwa kwenye meli iliyozama, kwa kuwa kusuguliwa huliondoa giza hilo. Ndiyo maana wabunifu wengi hutoa matoleo mawili: ngumu kwa ajili ya kusafiri, na laini yenye sura ya kale kwa wakusanyaji. Ile gundi angavu inayomwagwa juu ya enameli laini usiikubali, kwani hukwaruzika na mchoro wote ukapata ukungu.

Nina pendekezo moja la umbo. Mwaka 2013 watafiti walitangaza kuipata katika kisiwa cha Manda, Kenya, sarafu ya mfalme Yongle wa Uchina, ya mwanzoni mwa karne ya 15, yenye tundu la mraba katikati. Sarafu ya Kichina iliyovuka bahari ikaishia pwani ya Waswahili ni babu halali kabisa wa mradi huu, na tundu hilo la mraba litaitofautisha sarafu yako papo hapo. Gharama yake ni kwamba tundu linakula pale pale ambapo tumbo la mnyama lingekaa, hivyo lazima mnyama alizunguke. Chatu atafurahi, mbuzi itabidi apande jiwe, miguu minne imekusanyika juu ya ukingo wa tundu, nao mbuzi wa Mwanza wanaijua sana kazi hiyo. Kwa umbo la namna hii waambie watumie zinki ya kumiminwa kwenye kalibu, maana tundu hutoka humohumo, badala ya shaba ya kugongwa inayohitaji kutobolewa baadaye.

Mzee_wa_Kamanga

Wamesema mengi mazuri, mimi nitajibu swali la mwisho. Sarafu halisi usiiachie, hasa huku kwetu. Sarafu hizi hupotea dunia nzima tangu Jon Stanley wa Marekani alipotoa ya kwanza mwaka 2001, na kwetu kuna tatizo la ziada la wakusanyaji wa chuma chakavu, ambao wakilikuta kasha hawatasoma maelezo. Tengeneza kadi ya plastiki yenye picha ya sarafu na namba yake ya ufuatiliaji, iachie kadi hiyo isafiri, na chuma chenyewe kibaki nyumbani. Namba hiyo usiipige picha ukaiweka hadharani, kwa maana watu watajiandikisha kuwa wameiona sarafu hali hawajawahi kukanyaga hata Shinyanga.

Mahali pa kuficha pafikirie mapema. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa, usiache kitu bila ruhusa ya TANAPA. Pale kivukoni, bandarini na kwenye daraja la Kigongo–Busisi, kasha la chuma lisilo na mwenyewe litakuletea askari kabla ya kukuletea mtafutaji. Vilima vya mawe ni vizuri, ila kati ya mawe makubwa GPS huyumba, hivyo chukua vipimo mara kadhaa kwa nyakati tofauti na uweke kidokezo kinachoeleweka. Kumbuka pia kwamba kasha moja na jingine lazima vitengane kwa mita 161.

Kwenye mchoro, usiweke ngao ya taifa, maana matumizi yake yanalindwa na sheria. Na utakapofika kwa ng'ombe mwaka 2033, Dada hapo juu yuko sahihi kusema awe wa nundu: nyati tunaye tayari kwenye sarafu ya shilingi 500, na hutaki mtu aende nayo dukani.

Mtafutaji_wa_Kirumba

Shikamooni wazee wangu, na asante sana Dada. Nimekubali kuanza na mbuzi wa 2027 na kuwaacha wanyama wote 12 kama walivyo, nyuma dira, mbele tundu la mraba. Nitatoa enameli ngumu peke yake kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu mfuko hauruhusu matoleo mawili. Mchoro wa mbuzi akiwa juu ya jiwe nimeuanza jana usiku kwenye kompyuta na unapendeza, ingawa manyoya ya kidevu na mistari ya mawe vimesongamana. Je, watengenezaji wanaweza kuitoa mistari myembamba namna hiyo?

Dada_Michoro_Nyakato

Hawawezi, na hawatakwambia; watairekebisha wenyewe na utampokea mbuzi asiye na ndevu. Chapa mchoro kwenye karatasi kwa ukubwa wa sarafu yenyewe, milimita 45, uushike kwa mkono ulionyooka. Mstari usiouona hapo, ufute. Mawe yape mistari mitatu au minne tu, ndevu ziwe umbo moja lililojaa, kisha utume hapa tuone pembe zinavyokaa.