Gumzo la familia: Suiti ya Baba na Mama melini

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Meli tumeshalipia! Siku 7, kwa ajili ya miaka 40 ya ndoa ya Baba na Mama. Wao wanakaa suiti yenye roshani, mimi na Kaka Salim chumba cha kawaida sitaha za chini. Shangazi, wewe umesafiri mara tatu na suiti umeshakaa. Tuelekeze.

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Mungu awazidishie kwa jambo hili. Kwanza niambie, hiyo ni suiti kamili au ile wanayoiita suiti ndogo?

Zuhura: Kwani kuna tofauti?

Shangazi Mwanaidi: Kubwa. Kwenye kampuni nyingi suiti ndogo ni chumba cha kawaida kilichoongezwa nafasi. Sofa utapata, lakini mkahawa wa wageni wa suiti, ukumbi wao wa kupumzikia na mhudumu binafsi huenda vyote havimo. Baadhi ya meli za kampuni ya Norwegian zina eneo la The Haven, MSC wana Yacht Club, Celebrity wana The Retreat. Huko wageni wa suiti wametengewa sehemu yao. Cunard mpaka meza ya chakula inafuata chumba ulicholipia: wa Queens Grill wana mkahawa wao, wa Princess Grill wana wao. Jina la chumba lisikudanganye. Soma kilichoandikwa chini yake.

Kaka Salim: Nimefungua mkataba. Ni suiti kamili, mkahawa umo na mhudumu binafsi yumo. Ramani inaonyesha iko mbele kabisa, chini tu ya sitaha ya bwawa.

Mjomba Hamadi: Hapo pabaya kwa dada yangu. Meli ikikutana na wimbi, omo (mbele) na tezi (nyuma) ndizo zinazopanda na kushuka. Katikati hutulia, na kadiri ulivyo juu ndivyo unavyoyumba zaidi. Tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtafutieni ya katikati, sitaha ya chini kidogo. Tena chini ya bwawa alfajiri mtasikia viti vinaburutwa kichwani.

Shangazi Mwanaidi: Shemeji kasema kweli. Wapigie leo leo Zuhura, suiti ni chache na za katikati huwahiwa. Ni afadhali suiti kamili iliyopungua ukubwa kidogo lakini katikati, kuliko kubwa ya mbele ambayo Mama ataiona akiwa amelala tu.

Mama: Wifi, mimi hofu yangu ndiyo hiyo hiyo, kutapika mbele za watu.

Mjomba Hamadi: Dada, dawa ya kichefuchefu humezwa kabla, usisubiri mpaka tumbo lichafuke. Ila muulize daktari wako kwanza, maana una dawa za presha. Na ukianza kusikia kizunguzungu, toka nje kwenye roshani, tazama pale mbingu na bahari zinapokutana. Usisome, usichezee simu.

Shangazi Mwanaidi: Hapo kwenye dawa za presha nisikilizeni wote. Safari yangu ya pili mabegi makubwa tuliyakabidhi bandarini, la kwangu likafika chumbani usiku. Dawa zangu zilikuwa ndani. Nilikaa mchana kutwa na hofu moyoni, sikufurahia hata kuondoka bandarini. Suiti haikunisaidia kitu. Dawa, pasipoti, miwani na nguo moja ya kubadili viwe kwenye mkoba wa mkononi. Usiku wa mwisho pia, mabegi wanayachukua kabla ya asubuhi ya kushuka. Bakisha nguo za kuvaa.

Kaka Salim: Shangazi, huyo mhudumu binafsi kazi yake nini hasa? Baba anasema ataona haya kumtuma mtu.

Shangazi Mwanaidi: Mwambie kaka yangu asione haya, ile ndiyo kazi ya yule kijana. Atawafungulia mabegi wakitaka, ataleta chai ya asubuhi, atafuatilia nafasi za mikahawa. Siku ya kwanza mkae naye dakika tano mumwambie: Mama ana magoti mabaya, anahitaji kiti cha kuogea, chai saa fulani. Na msingoje siku hiyo. Andikeni barua pepe wiki kadhaa kabla, mambo ya kiti cha kuogea na chakula cha mgonjwa yanataka kupangwa mapema. Bahshishi nayo someni vizuri, ya suiti huwa juu kuliko ya chumba cha kawaida.

Zuhura: Na sisi tunaweza kula nao kwenye mkahawa wa suiti?

Shangazi Mwanaidi: Kwa kawaida hapana mwanangu, kadi yenu ya chumba haitafungua. Hili familia nyingi hulijua wakiwa mlangoni na wazee wanaumia. Ulizeni kabla. Lakini suiti ina meza na roshani, mhudumu anaweza kuwaandalia chakula humo humo. Usiku wa kumbukumbu ya ndoa fanyeni hivyo. Mimi ule ndio usiku ninaoukumbuka kuliko yote, sahani zikiletwa moja moja na bahari imetanda mbele yetu.

Mama: Hilo nimelipenda sana.

Mjomba Hamadi: Lingine. Zoezi la usalama asikwepe mtu, suiti au si suiti. Meli ya Costa Concordia ilipopinduka mwaka 2012 pale kisiwa cha Giglio, Italia, walikufa watu 32, na kulikuwa na abiria waliopanda jioni ile ile, zoezi hawajafanya. Tangu 2015 sheria ya kimataifa inataka abiria wapya wafanye kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Jueni kituo chenu cha kukusanyikia, na mtembee njia hiyo kwa miguu, bila lifti.

Kaka Salim: Sawa Mjomba. Baba nitamshika mkono mwenyewe.

Mjomba Hamadi: Na mkishuka bandarini fuateni saa ya meli. Simu hujibadilisha saa yenyewe. Meli haina cha suiti, muda ukifika ngazi inapandishwa.

Shangazi Mwanaidi: Simu yenyewe iwekeni hali ya ndege mkiwa baharini, mtandao wa setilaiti wa meli unakula hela. Pasi ya nguo acheni nyumbani, itachukuliwa. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, ile dawa ya kupaka peke yake haiwezi vizuri virusi vya kuharisha vya melini. Zile bandari ambazo meli hutia nanga nje mnashushwa kwa mashua. Wageni wa suiti mara nyingi hutangulizwa, ila kwa magoti ya Mama ulizeni ngazi ya mashua ikoje siku hiyo. Bahari ikichafuka abaki na amani yake kwenye roshani.

Zuhura: Nimerudi, nilikuwa kwenye simu nao. Ipo suiti moja ya katikati, sitaha mbili chini ya ile. Ukubwa umepungua kidogo, mkahawa na mhudumu vimebaki. Wameishika mpaka kesho saa nne.

Kaka Salim: Chukua. Tofauti ikiwepo nitalipa.

Zuhura: Nimechukua. Sasa naandika barua ya kiti cha kuogea. Mama, chai saa ngapi?

Mama: Saa kumi na mbili na nusu, baada ya swala. Na dawa nazibeba mwenyewe.