Mjadala: Mwenye kiwanja bondeni anyimwe kibali, au apewe kwa masharti?

Kisiki: Wakuu, mtu ana hati, kodi ya ardhi analipa, ila kiwanja kiko kwenye njia ya mafuriko. Halmashauri imnyime kibali cha ujenzi moja kwa moja, au impe kwa masharti: sakafu iinuliwe, kifusi asimwage? Mimi nasema apewe. Hati usiyoweza kuijengea ni pambo la ukutani. Isitoshe, ramani inasema ni mafuriko ya miaka 100, na yalipita juzi tu. Mengine watayaona vitukuu.

Msumari: Hiyo ya vitukuu futa, mkuu. "Miaka 100" maana yake kila mwaka uwezekano ni asilimia 1, hata kama jana uliogelea sebuleni. Ukikaa hapo miaka 30, uwezekano wa kukumbwa angalau mara moja ni kama asilimia 26.

Kisiki: 30 mara 1 ni 30. Hiyo 26 umeiokota wapi?

Msumari: Haijumlishwi hivyo. Chukua 0.99, izidishe yenyewe kwa yenyewe mara 30, unapata kama 0.74. Hiyo ndiyo nafasi ya kubaki mkavu.

Mama Wawili: Mwalimu wa zamu kaingia na chaki yake. Kukokotoa ni rahisi ukiwa unaishi mlimani.

Msumari: Nani kakwambia naishi mlimani? Nimejenga bondeni, na kibali nilipewa, muhuri huu hapa. Ukutani kwangu mstari wa tope uko juu ya swichi ya taa. Nimepaka rangi mara mbili, unajitokeza tena. Waliogonga muhuri hawakuniuliza sakafu itakaa juu kiasi gani.

Kisiki: Ahaa! Kumbe ulishaingia ndani, sasa unatufungia mlango. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Msumari: Nimeshiba tope, ndugu yangu.

Fundi Mstaafu: Mnagombania hesabu, wakati shida ni kifusi. Jirani akimwaga lori kumi za udongo kuinua kiwanja chake, maji hayapotei, yanahamia kwako. Inua nyumba kwa nguzo. Kama chini umezungushia ukuta, acha matundu maji yaingie na kutoka, yasiusukume upande mmoja tu.

Mama Wawili: Nguzo ni za wenye pesa, mzee wangu. Na nyumba zilizopo tayari je? Nasikia Marekani ukikarabati zaidi ya robo ya thamani ya nyumba, wanakulazimisha uiinue.

Fundi Mstaafu: Si robo, mwanangu, ni nusu. Tena thamani ya jengo peke yake, ardhi haimo. Ni kwa maeneo yaliyojiunga na mpango wao wa bima ya mafuriko, ulioanza 1968. Wajanja wakawa wanakarabati chumba kimoja kimoja wasifike nusu, ndiyo maana baadhi ya miji hujumlisha matengenezo ya miaka kadhaa.

Kisiki: Chumba kimoja kimoja! Hao ni ndugu zangu wa damu.

Mama Wawili: Msumari, nijibu bila chaki. Siku ukitaka kuuza hiyo nyumba, huo mstari mnunuzi atauona?

Msumari: Rangi ya tatu nimeshanunua. Mnunuzi nitamwonyesha kibali.

Mama Wawili: Na ile 26 yako?