Georgetown ya John Thompson: kombe moja tu, mbona heshima kubwa hivi?

kikapu_damuni:
Wakuu habari zenu. Tangu Dikembe Mutombo, yule mchezaji wa kikapu wa NBA kutoka Kongo, afariki 2024 nimekuwa nasoma habari zake na kila nikigeuka nakutana na Georgetown, chuo alichochezea pale Washington. Nikaja kugundua Patrick Ewing naye katokea hapo, Alonzo Mourning hapo, Allen Iverson hapohapo. Nikasema ngoja nihesabu makombe yao ya NCAA, yale mashindano ya kikapu ya vyuo vya Marekani, nikakuta ni moja tu, la 1984! Vyuo vingine kama UCLA wana 11, Kentucky wana 8. Sasa nauliza wanaoijua hii timu tokea zamani, kwa nini wazee wa basketi wakiizungumzia Georgetown wanaizungumzia kama vile ina makombe kumi? Ni hao mastaa tu au kuna kitu mimi sikioni? Nielezeeni kwa kirefu, muda wa kusoma ninao.

mzee_wa_ribaundi:
Mkuu jibu la swali lako ni mtu mmoja, kocha John Thompson. Timu ilikuwepo tangu 1907 na mwaka 1943 walishafika fainali wakafungwa na Wyoming, ila baada ya hapo karibu miaka thelathini hamna cha maana, hadi msimu wa 1971-72 wakashinda mechi 3 wakapoteza 23. Tatu! Ndipo chuo kikamchukua Thompson ambaye alikuwa anafundisha timu ya sekondari ya St. Anthony hapohapo Washington. Jamaa ni pande la mtu, mita 2.08, alishakaa benchi Boston Celtics ya NBA nyuma ya staa wao Bill Russell akapata ubingwa mara mbili. Na uelewe mazingira, hiki ni chuo cha Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, kikongwe, wanafunzi karibu wote weupe, kiko ndani ya mji ambao wakazi wengi walikuwa weusi. Thompson akaingia na vijana wake wa sekondari na kufika 1975 Georgetown wakarudi kwenye mashindano ya NCAA kwa mara ya kwanza tangu ile fainali ya 1943.

Halafu 1981 akaja Ewing, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, na hapo sasa ndio mambo yakawa mambo. Fainali tatu ndani ya miaka minne! Ya 1982 walifungwa na North Carolina 63-62, shuti la ushindi kapiga dogo wa mwaka wa kwanza anaitwa Michael Jordan. Zilibaki sekunde chache, Georgetown wana mpira, Fred Brown akadhani nyuma yake yuko mwenzake akampasia James Worthy wa timu pinzani, mkononi kabisa. Mechi ikaishia hapo.

1984 wakachukua, wakiwafunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84-75. Ila mimi nikitaka kumuonyesha mtu Georgetown ilikuwa nini namuonyesha nusu fainali ya mwaka ule dhidi ya Kentucky. Kipindi cha pili Kentucky walirusha mashuti 33 yakaingia 3. Sijakosea kuandika, matatu kati ya thelathini na tatu, na Kentucky ile ilikuwa na watu warefu na wenye majina. Ile difensi ilikuwa inakukaba tangu unapopokea mpira chini ya kikapu chako mwenyewe, hupumui, ukifanikiwa kuvuka nusu uwanja unakutana na Ewing amenyoosha mikono.

Na 1985 walikuwa bora zaidi ya 1984, nasema hivyo na nitabishana na yeyote. Wakafungwa fainali na Villanova 66-64. Villanova walirusha 28 yakaingia 22! Na kumbuka enzi hizo kwenye mashindano hakukuwa na saa ya kuhesabu sekunde za kurusha, timu inaweza kukaa na mpira ikipasiana mpaka ipate shuti inalolitaka. Msimu uliofuata ndio NCAA wakaweka hiyo saa.

dada_krosova:
Mzee wa ribaundi umeongea ya uwanjani vizuri sana, ila heshima anayoiulizia kaka hapo juu kwa kiasi kikubwa ilitoka nje ya uwanja. Thompson ndiye kocha mweusi wa kwanza kuchukua ubingwa wa NCAA divisheni ya kwanza, na waandishi walipomuuliza habari ya kuwa wa kwanza hakufurahia hata kidogo, akawaambia kabla yake walikuwepo wengi wenye uwezo ila walinyimwa nafasi. Ofisini kwake alikuwa na mpira uliotolewa upepo, makusudi, kila kijana akiingia auone na ajiulize upepo ukiisha atabaki na nini. Vijana waliokaa naye miaka yote minne karibu wote walitoka na digrii.

Januari 1989 NCAA walipitisha sheria wanaiita Proposition 42, ya kuwanyima ufadhili wa mwaka wa kwanza wanamichezo ambao hawakufikia alama fulani za mitihani. Thompson akaona inaenda kuwafungia mlango watoto wa maskini, hasa weusi. Siku ya mechi na Boston College, kabla mpira haujarushwa juu, akaweka taulo lake jeupe begani kwa msaidizi wake akatoka uwanjani akaondoka zake. Uwanja mzima unamwangalia. Mwaka uliofuata sheria ikalegezwa. Mimi kila nikifika hapo kwenye hii habari huwa nasimama kidogo, kocha gani leo anaweza kufanya hivyo?

Na Mutombo mwenyewe hakwenda Marekani kwa ajili ya kikapu, alifika 1987 kwa skolashipu kusomea udaktari, kutoka Kinshasa, Kiingereza hajui. Thompson akamuona, kijana ana sentimita 218 anatembea tu chuoni, akamvuta kwenye timu. Alimaliza na digrii za isimu na diplomasia, akaenda NBA 1991, halafu 2007 ikafunguliwa Kinshasa ile hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake. Hapo ndo ujue ule mpira usio na upepo ulifanya kazi.

nyanda_za_juu:
Yote sawa ila tusimfanye malaika. Timu yake ilifungwa kama kambi ya jeshi, waandishi hawaruhusiwi kuongea na wachezaji, wakienda mashindano wanalala hoteli mbali na mji wa mechi, na uwanjani walikuwa wanapigana kweli, viwiko vinatembea. Watu wengi Marekani waliwachukia.

mzee_wa_ribaundi:
Nyanda, viwiko nakubali. Ila jiulize kwa nini aliwafungia. Ewing akienda ugenini mashabiki wanabeba mabango ya kusema hajui kusoma, wanamrushia maganda ya ndizi, kijana wa miaka ishirini hivi. Thompson akawa anaitoa timu uwanjani mpaka bango lishushwe. Na mwishoni mwa miaka ya themanini alipojua muuza unga mkubwa wa Washington, Rayful Edmond, amezoeana na wachezaji wake, alimwita ofisini, akakaa naye uso kwa uso akamwambia awaache vijana wake. Ningekuwa mzazi na mwanangu yuko kule ningemshukuru kwa hilo geti.

Iverson pia ni hivyohivyo. Alitoka kifungoni kwa ile kesi ya ugomvi wa ujanani ambayo baadaye hukumu yake ilitenguliwa, mama yake akamfuata Thompson kumuomba ampokee mtoto. Akampokea.

kikapu_damuni:
Aisee asanteni sana, nimesoma mara mbili. Sasa ilikuwaje wakaporomoka?

dada_krosova:
Thompson aliacha Januari 1999. Mwanae John Thompson III akaja 2004, akawafikisha nne bora 2007, ila 2013 wakafungwa na Florida Gulf Coast walioingia wakiwa wamepangwa nambari 15 kwa ubora wakati wao ni nambari 2, na 2017 akaondolewa. Wakampa Ewing mwenyewe. Machi 2021 Ewing alibeba ubingwa wa Big East, ligi yao, pale Madison Square Garden, uwanja wa New York Knicks aliyoichezea NBA, miezi sita na kidogo baada ya Thompson kufariki, nililia. Msimu uliofuata wakapoteza mechi zote 19 za ligi hiyo, inauma hata kuiandika, na 2023 naye akaondoka akaja Ed Cooley.

kikapu_damuni:
Na Fred Brown yule wa pasi, aliishia wapi? Maana kosa kama lile mbele ya nchi nzima...

mzee_wa_ribaundi:
Alibaki kikosini mkuu. Usiku ule wa 1982 Thompson alimkumbatia palepale uwanjani kamera zinaangalia. 1984 Brown alikuwa mwaka wa mwisho, na filimbi ya mwisho dhidi ya Houston ilipolia, kuna picha maarufu kocha na mchezaji wamekumbatiana. Huyo aliyeko kifuani kwa Thompson ndiye Fred Brown.