Tupeane uzoefu: Uliyemwombea mzazi grini kadi Marekani, mambo yalikwendaje?

Wadau, habari zenu. Nimeshakula kiapo cha uraia na sasa nataka kumleta mama. Sheria naijua: mtoto awe raia, awe ametimiza miaka 21, na wazazi wa raia hawana kikomo cha viza kwa mwaka. Mwenye grini kadi pekee hawezi kumwombea mzazi. Naomba mniambie yale yaliyowakwamisha na yaliyowavusha.

—

Hongera sana, mleta mada. Mimi nilikwama kwenye cheti cha kuzaliwa. Nilizaliwa nyumbani, cheti cha RITA (wakala wa usajili wa vizazi Tanzania) nikakipata ukubwani, na cheti cha namna hiyo maafisa hawakiamini peke yake. Wakataka ushahidi zaidi. Kilichonivusha ni cheti cha ubatizo, kumbukumbu za shule ya msingi zenye jina la mama, na viapo vya shangazi na bibi mmoja jirani aliyekuwepo nikizaliwa. Vingekataliwa, ingebaki DNA. Anza na wazee, wangali hai na wanakumbuka.

—

Kama unamwombea na baba, kila mzazi ana fomu yake ya I-130, ile ya kumwombea ndugu. Kwa mama, cheti chako chenye jina lake na hati yako ya uraia vinatosha kuonyesha undugu. Kwa baba wanataka pia cheti cha ndoa. Wazazi wangu hawakuwahi kufunga ndoa, kwa hiyo nilipaswa kuonyesha kwamba alinilea kabla sijafika miaka 21: risiti za ada, barua, picha.

Lakini hilo si lililoniumiza. Nilikuwa na mdogo wangu, bado mwanafunzi. Ombi la raia kwa mzazi halibebi watoto wengine wa mzazi huyo. Mama hakuweza kuja naye. Ilibidi atangulie, apate grini kadi, ndipo yeye mwenyewe amwombee mwanawe. Mimi kumwombea kama ndugu ni foleni ya miaka zaidi ya kumi na tano. Mama alikuwa analia kwenye simu kila jioni, na mtoto alibaki kwa mama mdogo. Mwenye wadogo chini ya miaka 21, kaeni kikao cha familia kabla ya kujaza chochote.

—

Nyongeza kuhusu kipato. Fomu I-864, ile ya kumdhamini mzazi, inataka kipato chako kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani, na hesabu ya watu inakujumuisha wewe, mwenza, watoto na mzazi anayekuja. Mimi nilipungukiwa, binamu yangu akasimama kama mdhamini mwenza. Nilimsomea masharti yote kwanza, maana ule ni mkataba: unadumu mpaka mzazi awe raia, au atimize robo mwaka 40 za kazi (kama miaka kumi), au aondoke nchini kabisa, au afariki.

Tafuteni na bima ya afya mapema. Mzazi mwenye miaka 65 asiyewahi kufanya kazi huku hawezi hata kununua Medicare, bima ya serikali ya wazee, mpaka aishi nchini miaka mitano mfululizo. Mzee mwenye sukari na presha hawezi kusubiri hivyo.

—

Kwetu makaratasi yalikwenda vizuri, mama ndiye hakutulia. Kutwa nzima sisi tuko kazini, yeye yuko ndani na baridi. Akawa anakwenda kwao miezi mingi. Ukizidisha mwaka nje bila kibali cha kurejea, kadi iko hatarini, na kibali chenyewe huombwa ukiwa ndani ya Marekani, kwa kawaida hudumu miaka miwili. Mwishowe aliirudisha kadi kwa hiari yake, akaomba viza ya matembezi. Ana raha kuliko sisi sote.

—

Mleta mada hapa. Asanteni mno. Dada mwenye mdogo wake, mama alipomwombea, kijana alikuwa na umri gani, na aliwahi kabla ya 21? Mdogo wangu ana kumi na saba.